Mwenye Wavu na Mwenye Darubini

  

Mazungumzo yetu ya asubuhi hii yanahusu wageni. Hatusemi juu ya wageni wanaobisha hodi mlangoni. Tunasema juu ya wale wanaopita juu ya mapaa yetu bila kubisha, nao ni ndege wasafiri. Wenye Biblia karibu na wafungue kitabu cha nabii Yeremia, mlango wa 8, mstari wa 7. Wasiokuwa nayo na waandike mahali, wapate kusoma baadaye.

Katika mstari huo nabii anawatazama ndege wa angani, korongo na mbayuwayu na wenzao, naye anashangaa. Ndege hawa wanajua majira yao. Hakuna awapigiaye kengele wala awaandikiaye barua, lakini siku ya kwenda huenda, na siku ya kurudi hurudi. Ndipo nabii anapowageukia watu wa Mungu kwa huzuni na kuwaambia kwamba wao, pamoja na akili zao zote, hawajui yale ambayo Bwana anataka kwao.

Sisi wa Kenya tunaweza kuyaona maneno hayo kwa macho yetu. Nchi yetu ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na wengi kati yao si wenyeji. Baridi inapoanza Ulaya na Asia, wao huja kwetu. Baridi inapokwisha huko, hurudi kuzaa. Tangu mwaka 1971 kumekuwa na kundi la watu wanaokutana Nairobi kila Jumatano asubuhi, wakianzia penye Makumbusho, ili waende pamoja kuwatazama ndege. Wengine husafiri mbali zaidi, hata mamia ya kilomita, ili wamwone ndege mmoja tu ambaye hupita hapa majuma machache kwa mwaka.

Labda msikilizaji mmoja anacheka na kusema, "Hao hawana kazi?" Ngoja kwanza, ndugu. Tufuatane nao hadi pwani, tuone wanafanya nini.

Karibu na Watamu kuna hori iitwayo Mida, yenye mikoko pande zote. Huko, kuanzia Agosti hivi mpaka Aprili, huonekana ndege mmoja mweupe na mweusi, mwenye miguu mirefu na mdomo mnene mweusi, ambaye chakula chake ni kaa. Yeye huzaliwa katika fukwe na visiwa vyenye joto kali, huko Oman, katika Ghuba na katika Bahari ya Shamu. Huchimba shimo mchangani kama panya, na ndani yake hutaga, mara nyingi yai moja tu. Mtoto wake akiisha kuweza kuruka, mzazi huondoka pamoja naye kuvuka bahari. Hata hapa kwetu, mtoto huyo aliyekwisha kuwa mkubwa bado humfuata mzazi wake akilia apewe kaa, na mzazi humpa.

Anayetaka kumwona ndege huyo hawezi kwenda saa anayopenda. Bahari ikiwa imekupwa, ndege wametawanyika mbali matopeni, nao huonekana kama nukta tu. Ni lazima mtu aijue saa ya maji kujaa. Maji yanapopanda, ndege husukumwa polepole, wakasogea karibu na nchi kavu. Basi watazamaji huwahi mapema. Hukaa kimya, mbu wakiwauma, jua likiwachoma. Hawawezi kumwita mgeni wala kumharakisha. Wanaloweza kufanya ni kuwa tayari mahali pake, kwa saa yake.

Hilo ndilo la kwanza tunalojifunza. Mgeni ana majira yake, na asiyeyajua majira hayo hatamwona, hata kama anakaa hatua chache kutoka ufukweni. Wako watu waliozaliwa kando ya hori hiyo wakazeeka, ambao hawajui kwamba wageni kutoka Oman huja kila mwaka nyuma ya nyumba zao.

Lakini, wapendwa, je, kuyajua majira kunatosha? Hapa tunataka kuwapeleka mbali kidogo, kwa kumfuata mgeni mwingine.

Mwezi wa Novemba na Desemba, mvua inaponyesha Tsavo na kumbikumbi wanapotoka ardhini, kumbikumbi wale wale ambao watoto wetu huwakimbilia na bakuli, anga hujaa kozi wadogo. Huitwa kozi wa Amur, kwa jina la mto ulioko mpakani mwa Urusi na China, kwa maana huzaa pande hizo. Dume ni wa kijivu, mwenye miguu myekundu. Uzito wake haufiki robo kilo. Tena ndege huyu mdogo, akija kwetu, huivuka Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 3,000 za maji matupu, mchana na usiku, pasipo jiwe wala mti wa kutua. Kisha hupita kwetu na kuendelea hadi kusini mwa Afrika.

Majuma machache kabla hajafika Tsavo, alikuwa wapi? Alikuwa kaskazini-mashariki mwa India, katika milima ya jimbo la Nagaland. Hapo ndipo kozi wengi hupumzika na kula ili wapate nguvu za kuivuka bahari. Katika wilaya ya Wokha kuna bwawa la umeme la mto Doyang, na karibu yake kijiji kiitwacho Pangti. Kila Oktoba kozi hufika hapo kwa maelfu mengi, hata jioni wanapotafuta mahali pa kulala huonekana kama wingu.

Wanakijiji wa Pangti waliyajua majira hayo barabara. Hawakuhitaji kufundishwa na mtu. Waliijua miti ambayo ndege wangelala, na saa ambayo wangeshuka. Waliamka mapema kuliko mtazamaji yeyote wa ndege. Lakini mikononi walikuwa na nyavu za kuvulia samaki, nao walizitandaza juu, kati ya miti. Mwaka 2012 watu waliofika huko na kamera waliyaonyesha mambo hayo kwa ulimwengu. Walikadiria kwamba katika msimu ule mmoja waliuawa kozi kati ya 120,000 na 140,000. Wengine waliliwa, na wengi waliuzwa.

Tusiharakishe kuwahukumu. Watu wale hawakuwa wanyama. Walikuwa wakulima na wavuvi, wazazi wenye watoto wa kusomesha kama sisi. Na jambo linalopaswa kutunyamazisha sisi wa makanisa ni hili: Nagaland ni jimbo la Wakristo, na walio wengi ni Wabaptisti. Bila shaka watu waliotandaza nyavu Jumamosi waliimba kanisani Jumapili. Walilisoma neno lile lile la Yeremia juu ya ndege wanaojua majira yao, na ndege wenyewe walikuwa wakipita juu ya paa la kanisa.

Basi ikawaje? Watu wa nchi ile wenyewe waliondoka wakaenda kuzungumza na wanakijiji. Hawakwenda na askari peke yao. Walikaa na wazee wa baraza la kijiji, walikaa na wategaji, wakawafundisha watoto shuleni. Na makanisani kulihubiriwa kwamba viumbe hivi ni amana ya Mungu. Baraza likapiga marufuku utegaji. Oktoba ya mwaka 2013 kozi walirudi kama kawaida yao, na msimu ule haikuripotiwa kwamba hata mmoja alinaswa kwenye nyavu za Doyang. Kutoka maelfu mia na zaidi mpaka hakuna, kwa mwaka mmoja! Waliokuwa wategaji waliunda chama cha kuwalinda ndege. Leo watu hutoka mbali kwenda Pangti kuwatazama kozi, na nyumba zilizokuwa zikiuza nyama ya ndege hupokea wageni wa kulala.

Novemba ile ile ya 2013, wataalamu waliwavika kozi watatu vyombo vidogo vinavyopeleka habari kwa setilaiti. Waliwapa majina ya Naga, Wokha na Pangti, kwa heshima ya watu waliowaacha waishi. Ndege hao waliivuka bahari wakaingia bara letu la Afrika. Fikirini, wasikilizaji. Mtu mmoja mlimani India alikunja wavu wake, na kwa sababu hiyo mkulima wa Tsavo, asiyemjua wala kulisikia jina la kijiji chake, aliinua macho akaona kozi wakila wadudu juu ya shamba lake.

Sasa tazameni vizuri. Mtegaji wa mwaka 2012 na mtazamaji wa leo wanafanana sana. Wote wawili wanayajua majira. Wote huamka alfajiri, hutembea kimya, na huinua macho kwenye anga lile lile. Tofauti yao ni nini? Mmoja anauliza, "Nitapata nini kwa mgeni huyu?" Mwingine anasema, "Bwana asifiwe kwa kuwa amefika."

Tena tusidhani kwamba tofauti ni chombo kilicho mkononi. Huko Ngulia, katika Tsavo Magharibi, kuna hoteli juu ya kilima, yenye taa kubwa za kuwaangazia wanyama usiku. Usiku wa ukungu usio na mbalamwezi, mnamo Novemba na Desemba, ndege wadogo wanaosafiri kutoka kaskazini huvutwa na taa hizo wakashuka. Tangu mwaka 1969 watu wa kujitolea wamekusanyika hapo kuwanasa kwa nyavu laini. Kila ndege hupimwa, huvikwa mguuni pete nyepesi yenye nambari, kisha mkono hufunguliwa naye huruka zake. Zaidi ya ndege laki nne wamevikwa pete hapo, na kwa pete hizo tumejifunza njia wanazopita. Nao pia ni wavu, ndugu zangu. Lakini ni wavu ulio mkononi mwa mtu aliyekwisha kukusudia kuachilia.

Na darubini nayo yaweza kugeuka ikawa wavu. Wako watazamaji ambao shida yao ni kuongeza jina moja katika orodha, wawashinde wenzao. Ili wapate picha nzuri, huwarushia ndege mawe waruke, au hukanyaga mahali pa viota. Mtu wa namna hiyo amesafiri kilomita mia tano, naye hakumpokea mgeni. Alikuja kuchukua.

Turudi nyumbani. Bunyala, magharibi mwa nchi yetu, kuna mashamba ya mpunga ambako ndege wengi hushuka, wenyeji na wasafiri. Imeshuhudiwa huko kwamba watu waliweka sumu ya wadudu katika konokono na nafaka ili wawaue ndege hao na kuuza nyama yao. Nyama yenye sumu ikaingia katika vyungu vya majirani! Anayemwekea mgeni sumu hujikuta ameiweka mezani kwake mwenyewe. Lakini hata hapo tuseme kweli yote. Mtu mwenye njaa hawezi kuambiwa "Usiue" kisha akaachwa na njaa yake. Kule Mida, shirika la Kikristo la A Rocha Kenya lilifahamu hivyo. Wageni wanaokuja kutazama ndege hulipa kiasi ili wapite juu ya daraja la mbao kati ya mikoko, na fedha hizo husaidia karo za sekondari za watoto wanaokaa karibu na hori na msitu wa Arabuko-Sokoke. Ndege wa Oman anakuja kula kaa, na mtoto wa Kigiriama anapata kalamu. Mungu wetu anajua kuandaa meza ya watu wengi kwa mara moja.

Katika Torati, Kumbukumbu mlango wa 22, iko amri fupi ambayo twaipita haraka tunaposoma. Ukikuta kiota njiani, na mama ameyalalia mayai au makinda, usimtwae mama pamoja na watoto. Mwache mama aende zake. Mungu aliyezishika nyota alikumbuka ndege mmoja kichakani, naye akamwekea mwanadamu mpaka wa kuchukua. Hakukataza kula. Alikataza mkono usiojua kuachilia.

Wapendwa, ndipo tunapofika kwetu sisi na wageni wetu wenye miguu miwili wasio na mabawa. Desemba inakuja. Watoto wetu walioko Nairobi na Mombasa watapanda magari warudi nyumbani kwa Krismasi. Majira yao tunayajua, hata siku na saa ya basi. Je, tunawangojaje? Mzazi mwingine amekwisha kutandaza wavu: huyu ataniletea mabati, huyu karo ya mdogo wake, huyu bei ya ng'ombe. Kijana anashuka kwenye basi, na kabla hajaulizwa habari za afya yake, amenaswa. Labda amefukuzwa kazi, naye hana la kusema. Labda ana jambo zito moyoni, na alitamani mtu mmoja tu wa kumwambia. Mwaka unaofuata haji, nasi twalalamika kwamba mji umemharibu. Ndege waliopotea penye miti fulani huenda si kwamba wamesahau njia.

Hata kanisani. Mgeni anaingia Jumapili akiwa amevaa suti, na kabla hajaketi mtu fulani katika kamati amekwisha kumpima kama anafaa kuwa mgeni wa heshima katika harambee ya jumba jipya. Mgeni mwingine anaingia na ndala, na hakuna anayemsogezea nafasi kwenye benchi. Wote wawili wametazamwa kwa jicho la mtegaji. Mmoja alionekana mnono, mwingine alionekana hana nyama.

Hatusemi kwamba watoto wasiwasaidie wazazi, wala kwamba watu wasimtolee Bwana. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hata wao walimpa siku mbili za kuwa mgeni tu! Siku mbili za kutazamwa usoni, kupewa maji na kusikilizwa. Sisi tunamkabidhi jembe mlangoni.

Na yuko Mgeni mmoja aliye mkuu kuliko wote. Katika Injili ya Luka, mlango wa 19, Bwana Yesu alipoukaribia mji wa Yerusalemu aliulilia, kwa sababu haukutambua majira ya kujiliwa kwake. Lakini tukisoma zaidi tunaona kwamba wengi walimngoja. Walikuwa wakihesabu miaka. Walijua hata mji atakaozaliwa. Shida ilikuwa wavu. Huyu alimngoja ili apate kiti cha ukubwa, yule alimngoja ili apate mkate, mwingine ili adui zake wapigwe. Alipokuja juu ya mwana-punda, hakuenea katika nyavu zao, nao wakamkosa.

Basi tujiulize asubuhi ya leo. Tunapopiga magoti, tunamngoja Bwana, au tunangoja alichobeba? Tukinyimwa lile tulilotandazia wavu, bado tutafurahi kwamba amepita kwetu?

Watu wa Pangti walibadilika kwa mwaka mmoja. Hawakuhama mahali, wala hawakupewa macho mengine. Anga lilikuwa lile lile, Oktoba ile ile, na ndege wale wale. Walikunja nyavu tu, wakatazama juu. Nasi tunaweza kuanza leo, kabla jua halijawa kali. Msikilizaji, kama iko simu au barua unayokusudia kumpelekea mwanao juu ya Desemba, iandike upya. Ondoa orodha ya mahitaji. Mwambie tu, "Njoo, tunataka kukuona."

Tuombe. Ee Mungu, uliyewapa ndege kuyajua majira yao, utufundishe na sisi kuyajua majira yetu. Utusamehe wageni wote tuliowangoja kwa wavu. Uwakumbuke wenye njaa, wasilazimike kula kwa sumu na kwa machozi. Uifungue mikono yetu, ipate kupokea na kuachilia. Na utakapopita kwetu, tukutambue, tukufurahie Wewe mwenyewe. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, wapendwa, na mtakapotoka nje asubuhi hii, inueni macho kidogo. Labda yuko anayepita.